Watoto wa Kiungani na maksi mbili nilizokata

Mwaka 2013 nilikuwa nafundisha tuisheni ya Kiswahili katika kituo kimoja cha kulelea watoto. Sitakitaja jina wala mji wake. Kilikuwa kituo cha wavulana watupu, safi, chakula hakikosekani, na kila mtoto alikuwa na sare na viatu vya shule. Nilikwenda kila Jumamosi asubuhi bila kulipwa, na niseme ukweli, nilijiona mtu mwema sana.

Siku moja ofisi ikaniomba jambo dogo. Wafadhili walitaka kila mtoto aandike habari za maisha yake, kisha zifasiriwe kwa Kiingereza na kutumwa kwao. Nikaona kazi rahisi, nikaigeuza kuwa insha. Nikaandika ubaoni "Maisha Yangu", nikawapa dakika arobaini. Mvulana mmoja wa darasa la sita, ambaye ndiye aliyekuwa akiwaongoza wenzake kwa Kiswahili, akanyoosha mkono.

"Ticha, hii ina maksi?"

"Ina maksi," nikamjibu. "Ishirini."

Akainama akaandika. Nikasahihisha, nikampa kumi na nane, nikaifasiri, nikaipeleka ofisini. Karatasi zenyewe nikazitia kwenye faili nikazisahau. Miaka sita baadaye nikakutana na kitabu kimoja cha zamani kilichonifanya nilitafute lile faili juu ya kabati. Makala hii ni ya kitabu hicho na ya nyumba kilikotoka, lakini ningekuwa mwongo kama nisingeanza na ile insha.

Kitabu chenyewe kinaitwa Kiungani. Kilichapishwa mwaka 1887, na aliyekihariri ni Arthur Cornwallis Madan, mmisionari Mwingereza. Wapenzi wa lugha mnalijua jina hilo. Ndiye Madan aliyetunga kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya mwaka 1894, kisha ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1903, na juu ya kazi yake ndipo Frederick Johnson alipoijenga kamusi sanifu ya mwaka 1939. Kwa hiyo ukifungua kamusi leo kutafuta maana ya neno, huko chini kabisa kwenye msingi Madan yupo.

Ila kitabu cha Kiungani si kamusi. Ni mkusanyiko wa insha za wavulana waliokuwa wakilelewa na misheni ya UMCA, ya Waanglikana wa Uingereza, kule Unguja. Wengi wao walikuwa watoto waliotekwa bara, wakauzwa mkono kwa mkono hadi pwani, wakapakiwa majahazini, kisha manowari za Kiingereza zikayakamata majahazi hayo na kuwakabidhi kwa misheni. Mle ndani utakuta Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, kila mmoja akieleza alivyochukuliwa kwao na njia aliyopita. Waliandika kwa Kiswahili. Madan akafasiri, na kilichotoka kiwandani kikawa kitabu cha Kiingereza kwa wasomaji wa Uingereza, ambao baadhi yao walikuwa wakiichangia misheni.

Niliposoma hadi hapo nikakifunga kitabu. Mtoto aliyepoteza kila kitu anaketi darasani, mwalimu anamwambia andika maisha yako, naye anaandika vizuri kwa sababu ni kazi ya shule. Mwalimu anafasiri. Karatasi inavuka bahari kwenda kwa wenye kutoa pesa. Jamani, tofauti yangu na Madan ilikuwa miaka mia moja na ishirini na kitu, basi.

Sasa tuitazame nyumba yenyewe, maana inafundisha mambo ambayo watu wa vituo vya leo wanadhani yameanza juzi.

Misheni ilihamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer. Haikukaa sana kabla Sultani Majid hajampa wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Hao watano ndio waliokuwa mwanzo wa shule. Baadaye wavulana wakawekwa Kiungani, kusini mwa mji, na wasichana wakawekwa Mbweni, mbele zaidi kwenye ufuo uleule. Idadi ikakua, hasa baada ya mwaka 1873, soko la watumwa la Unguja lilipofungwa na manowari zikazidi kuyasaka majahazi. Bagamoyo nako, mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefungua makao yao tangu 1868, wakiwakomboa watoto kwa kuwanunua. Kisauni, Mombasa, pakaanzishwa Freretown mwaka 1875. Kwa hiyo ndani ya miaka kumi na michache pwani yetu ikawa na vituo kadhaa vikubwa vya kulelea watoto, hata kama hakuna aliyeviita hivyo.

Kwa kipimo cha darasani, Kiungani ilifaulu. Hilo lazima tulikubali. Mmoja wa wale watano wa mwanzo, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyetolewa utumwani akiwa mtoto, alisoma Kiungani, akapelekwa Canterbury kwa masomo zaidi, na mwaka 1890 akawa kasisi wa kwanza Mwafrika katika misheni hiyo. Wengine wakawa walimu, wengine wakawa wapanga chapa. Misheni ilikuwa na mtambo wake wa kuchapa, na vijana wa Kiungani ndio waliokuwa wakipanga herufi za risasi, moja moja, za vitabu vya Kiswahili. Fikiria hilo kidogo. Mtoto ambaye lugha ya mama yake ni Kiyao au Kimakua, na mama mwenyewe hajui alipo, anapanga kwa vidole vyake maneno ya lugha tunayojivunia leo kuwa yetu. Sehemu ya urithi wetu wa maandishi imepita katika mikono ya watoto wasio na wazazi.

Lakini mafanikio hayo yalikuwa na ungo wake. Katika nyumba kama ile, maksi zilikuwa na uzito kuliko zilivyo kwa mtoto anayelala kwao. Mtoto wa nyumbani akishindwa hesabu anachapwa, ananuniwa, halafu jioni anakula na wenzake kama kawaida. Kiungani na Mbweni aliyeonekana mwepesi darasani aliandaliwa kuwa mwalimu au mtumishi wa kanisa. Aliyeonekana mzito alielekezwa kwenye kazi za mikono: wavulana useremala, uashi, uchapaji, wasichana kufua, kupika na shamba. Hata ndoa zilikuwa na mpango wake, vijana wa Kiungani wakioana na mabinti wa Mbweni. Mkewe Majaliwa, Lucy, alilelewa Mbweni. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na miwili akikaa mbele ya ubao, yaliyokuwa yakiamuliwa ni pamoja na kazi atakayofanya, atakayemwoa na mahali atakapoishi hadi kufa. Sidhani kama mtoto wa namna hiyo anahitaji kuambiwa kwamba insha ina maksi. Anauliza mwenyewe.

Na kuna jambo jingine lililonishika nilipokuwa naangalia ramani ya pale. Wavulana Kiungani, wasichana Mbweni. Kwa watu wa zama zile huo ulikuwa utaratibu na adabu. Lakini majahazi hayakubagua. Jahazi moja lingeweza kubeba wavulana na wasichana pamoja, na baada ya wiki kadhaa za njaa na bahari, yule uliyelala ubavuni pake ndiye ndugu pekee uliyebaki naye duniani, wa damu au wa kubahatisha. Mkifika nchi kavu mnaokolewa, mnaogeshwa, mnavikwa, halafu mnagawanywa.

Hapo ndipo nilipokwenda kulishusha faili juu ya kabati.

Insha ya yule mvulana ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Mwandiko wa kusimama, mistari imenyooka. Alieleza kifo cha baba, kisha cha mama, bibi aliyeshindwa kuwalea, na siku aliyoletwa kituoni akiwa na miaka tisa. Katikati ya habari hizo aliandika juu ya mdogo wake wa kike, aliyekuwa na miaka mitano walipoachana. Kituo chetu hakikupokea wasichana, akapelekwa kwingine. Akaeleza kwamba mdogo wake hakuwa akilala bila kumshika yeye sikio. Akamalizia sehemu hiyo kwa kusema sasa hajui anashika sikio la nani.

Pembeni ya sentensi hiyo, kwa kalamu nyekundu, kuna mwandiko wangu: "Umetoka nje ya mada." Nikakata maksi mbili.

Tafsiri ya Kiingereza sinayo, lakini naikumbuka. Fomu ya mfadhili ilikuwa na nafasi ya maneno kama mia mbili, na mimi ndiye niliyeamua nini kiingie. Kifo cha baba kiliingia. Kifo cha mama kiliingia. Kupenda shule na ndoto ya kuwa daktari viliingia, ingawa hiyo ndoto niliiongeza mimi, kwa sababu fomu ilikuwa na kisanduku chake. Sikio halikuingia.

Miaka mitatu baadaye, kidato cha pili, mvulana huyo alifeli, akarudia. Kituo kilihangaika kweli. Kikanunua vitabu vya kiada vipya, kikaongeza tuisheni, hata mimi nikaongeza siku ya Jumatano. Alikuwa ametoroka mara mbili akarudishwa, na kila mara akaadhibiwa kwa utoro. Alikuwa anakwenda kumtazama mdogo wake, mwendo wa saa moja kwa basi. Katika miaka kumi walionana mara tatu, na mbili kati ya hizo ni hizo alizotoroka. Kwenye ubao wa ofisi jina lake lilihamia kwenye orodha ya wenye maendeleo hafifu, na kwenye safu ya sababu paliandikwa: hajitumi.

Watu waliolipima jambo hili kwa makini wapo. Kipimo kinachojulikana zaidi kilifanyika Romania. Mwaka 1966 serikali ya Ceaușescu ilipiga marufuku kutoa mimba kwa wanawake walio wengi, kwa nia ya kuongeza idadi ya watu, na familia zilizoelemewa zikawaacha watoto katika nyumba za serikali. Utawala ulipoanguka Desemba 1989, dunia ikaona picha za watoto wamelazwa safu kwa safu kwenye vitanda vya chuma, hakuna anayewabeba. Mwaka 2000 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza kazi Bucharest na watoto 136 waliokuwa katika nyumba hizo, wenye umri wa kati ya miezi sita na miaka miwili na nusu hivi. Kwa kura, nusu wakapelekwa kulelewa katika familia zilizoandaliwa kwa kazi hiyo, nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya pale. Walipofikia miaka minne na nusu, wastani wa kipimo cha akili kwa waliobaki ulikuwa kama 73, kwa waliohamia kwenye familia 81, na kwa watoto wa mjini ambao hawakupata kuishi katika nyumba hizo 109. Waliotolewa mapema, kabla ya kutimiza miaka miwili, kwa jumla walipata nafuu zaidi.

Ukisoma hayo peke yake utasema vituo vyote vifungwe kesho asubuhi. Ngoja kwanza. Mwaka 2009 Kathryn Whetten na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa miaka 6 hadi 12 katika nchi tano: Kambodia, Ethiopia, India, Kenya na Tanzania. Waliwalinganisha yatima na watoto walioachwa wanaoishi vituoni na wenzao wanaoishi na familia mitaani. Hawakuwakuta wa vituoni wakiwa hoi kuliko wenzao, si kwa afya, si kwa hisia, si kwa uwezo wa kufikiri. Kuna waliofurahi sana kwa matokeo hayo na kuna waliokasirika.

Mimi si mtafiti, ni mwalimu wa lugha, lakini sioni kama tafiti hizo mbili zinagombana. Wale wa Bucharest walikuwa vichanga ambao hawakupata kuwa na mtu wao. Wengi wa watoto wetu wanaingia kituoni wakiwa wameshabebwa mgongoni na mtu, wameshaimbiwa, wameshagombana na ndugu juu ya ukoko wa wali. Wanakuja na akiba. Na familia walizolinganishwa nazo mitaani zilikuwa zinapambana na umaskini huohuo uliowajaza wenzao vituoni. Ukuta wa jengo hautoshi kukuambia mtoto atakuwaje. Cha kuuliza ni kama mle ndani kuna mtu anayemjua mtoto huyu mmoja, anayebaki, na kama wale aliokuja nao moyoni ameachiwa awe nao.

Kiungani na Mbweni zinaonyesha jambo hilo kwa pande zote mbili. Wamisionari wengi wa Unguja hawakudumu. Homa iliwaua, wengine wakarudishwa kwao wagonjwa. Mtoto aliyezoea mlezi mmoja angeweza kumzika mwaka uliofuata. Lakini Mbweni palikuwa na Caroline Thackeray, jamaa wa yule mwandishi wa riwaya William Makepeace Thackeray. Alifika mwaka 1877 kuiongoza shule ya wasichana. Hata alipostaafu hakurudi Uingereza. Alikaa palepale mpaka alipofariki mwaka 1926. Ni karibu miaka hamsini. Simfanyi mtakatifu, maana ule ungo wa wepesi na wazito ulipita mikononi mwake pia. Ila msichana aliyelelewa pale aliweza kuolewa, kuzaa, kupata wajukuu, na akirudi kusalimia akamkuta mtu yuleyule anayemkumbuka alivyokuwa mdogo. Leo tunaleta vijana wa kujitolea kwa wiki mbili, wanawabeba watoto, wanapiga picha, wanapanda ndege, halafu tunashangaa kwa nini mtoto wa darasa la pili amegoma kusoma Jumatatu.

Na Majaliwa? Kazi yake kubwa aliifanya Chitangali, kusini mwa Tanganyika, kuanzia mwaka 1886. Alikwenda na Lucy. Huko aliishi miongoni mwa Wayao, watu wa kabila alilonyang'anywa. Wanahistoria wa misheni wanaisifu sana kazi yake ya miaka ile. Mwaka 1897 aliitwa kurudi Unguja, na sifa za namna ile hazikumfuata. Wengine watasoma hapo siasa za kanisa, na zipo. Mimi nasoma pia habari ya mtoto wa kituo aliyestawi zaidi aliporudishiwa kipande cha kwao: lugha, majina, namna ya kusalimiana. Canterbury ilimpa elimu. Chitangali ilimpa watu.

Kenya sasa ina mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032 wa kuwarudisha watoto kutoka vituoni kwenda kwenye familia na jamii. Nautakia heri, nikiwa na hofu moja. Tukiupima kwa idadi ya majengo yaliyofungwa tutarudia kosa lilelile la kuhesabu kilicho rahisi kuhesabika, kama tulivyohesabu sare, vitabu na maksi. Mtoto anaweza kurudishwa kwa shangazi asiyemjua akawa mpweke kuliko bwenini. Afisa ustawi angeweza kuanza na swali ambalo mimi sikuuliza: ukilala usiku unamkumbuka nani, na tumpate wapi?

Yule mvulana sasa ni fundi umeme. Akiwa na miaka kumi na tisa alimtafuta mdogo wake mwenyewe, simu kwa simu, akampata, na sasa wamepanga pamoja chumba na sebule. Daktari hakuwa, na nilipomweleza habari za kile kisanduku cha ndoto alicheka sana. Hakuwahi kutaka udaktari. Anaogopa damu.

Mwaka jana nilikwenda kumrudishia karatasi yake, maana niliona si haki kuendelea kukaa nayo. Nilimkuta kazini, juu ya ngazi. Akashuka, akafuta mikono kwenye suruali, akaisoma amesimama, yote, mbele na nyuma. Akautazama mwandiko wake wa utotoni akaguna. Kisha akaigeuza tena ukurasa wa kwanza.

"Kumi na nane," akasema. "Hizi mbili zilikwenda wapi, ticha?"

Kidole chake kilikuwa kimeshafika pale penye wino mwekundu.